Uniti Sita za Mwalimu

Msoma mita wa kata ya tisa haondoki nyumbani kwa mtu mpaka amwone mtu. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tano. Mita ameshaisoma, kitabu kimefungwa, naye bado amesimama mlangoni. Juzi mama mmoja alimtokea na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Mita iko huko nje, baba. Mimi unanitakia nini?"

"Nilitaka kukuona tu."

Mama yule akaangua kicheko, akawatangazia majirani kwamba mtu wa maji anatafuta mchumba. Mtaani wanamwita Bwana Hodi. Jina hilo halijamaliza miaka miwili.

Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa kawaida na, kwa vipimo vya Mamlaka ya Maji, mzuri. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, ishirini na sita kati ya hiyo kazini. Alipoanza, wasoma mita walikuwa arobaini. Serikali ikapunguza watumishi, wakabaki tisa; nyumba hazikupungua. Kila mmoja akabebeshwa nyumba elfu moja na mia mbili kwa mwezi, kwa miguu. Haikuwezekana, na ofisi nzima ilijua. Basi wakawa wanapika. Kupika ni kuandika namba bila kuiona mita: unatazama nyumba ilitumia kiasi gani miezi iliyopita, unaongeza kiasi hicho hicho, unapita. Kanuni ilitaka namba ya kukadiria iwekewe alama ya nyota pembeni. Nyota zikizidi, mkuu wa kitengo aliuliza maswali, hivyo nyota zikaachwa.

Nyumba ya Mwalimu ilipikika kirahisi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, akiishi peke yake nyuma ya geti la chuma lililofungwa mnyororo kwa ndani. Kulifungua kulimchukua dakika kumi.

"Umefuata mita au umenifuata mimi?" aliuliza kila mara, mkono ukipapasa ufunguo kwenye mfuko wa sweta.

"Mita, Mwalimu."

"Haya, isalimie."

Alitumia uniti sita kwa mwezi, hazizidi wala hazipungui. Tarehe kumi na tano Novemba msoma mita alisoma 1187. Desemba alikuwa nyuma ya ratiba, akaandika 1193 bila kubisha geti. Januari 1199. Aliendelea hivyo mpaka Mei.

Namba hizo hazikuishia kwenye kitabu chake. Ofisi ya pensheni, nayo ikiwa imepunguziwa watu, ilikuwa imeacha kuwaita wazee kujihakiki. Ilipokea orodha kutoka Mamlaka, na anayetumia maji alihesabiwa kuwa hai. Watu wa ustawi wa jamii, waliopaswa kumtembelea kila mzee anayeishi peke yake, walitazama orodha hiyo hiyo. Majirani walidhani ameenda kwa binti yake. Mwalimu alikuwa hai katika ofisi tatu, kwa uniti sita kila mwezi.

Juni, mafundi waliokuwa wakibadilisha bomba la mtaa walikata ule mnyororo. Walimkuta kitini sebuleni. Daktari alisema ni miezi mingi. Mingapi, hakuweza kusema.

Msoma mita alikwenda mwenyewe kuitazama mita. Ilionyesha 1189. Uniti mbili tangu mara ya mwisho Mwalimu alipomfungulia. Kwa mwenendo wake, siku kumi.

Mkuu wa kitengo alikuwa na jibu tayari. "Mita ilikwama. Zinakwama kila siku."

"Haikukwama, mzee. Nimefungua bomba, ikazunguka."

"Imekwama, nimesema. Una watoto wangapi shuleni, wewe?"

Binti wa Mwalimu alifika Jumatatu saa nne asubuhi, kutoka mji wa mbali. Hakuja kugomba. Alikalia ukingo wa kiti mbele ya meza ya mkuu, mkoba mapajani. Oktoba, alisema, alikosana na mama yake: alimtaka auze nyumba ahamie kwake, wakarushiana maneno makali.

"Desemba yote, kuanzia tarehe moja, nilimpigia simu yake ya mezani kila siku saa sita mchana. Haikupokelewa. Nikasema, kama ni kiburi, na mimi ninacho. Nikaacha. Sasa kitabu chenu kinasema alitumia maji mpaka Mei. Ina maana alikuwepo. Alikuwa akiisikia simu, anajua ni mimi, ananyamaza. Nataka kujua hilo tu. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Pole sana, dada," mkuu alisema. "Mita ilikwama baadaye, lakini kitabu ndicho hicho."

Msoma mita alikuwa amesimama kando ya kabati la mafaili. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angenyamaza, binti angeondoka akiamini kitabu kama kilivyo, na kwamba mama yake alimkataa.

"Nimeandika mimi," alisema. "Niliandika bila kuingia. Namba zote tangu Desemba ni za kupika."

"Toka nje," mkuu akamwambia.

Hakutoka. "Mama yako alifariki mwishoni mwa Novemba, dada. Mita inaonyesha. Ulipoanza kupiga, hakuwepo tena. Hakukunyima kitu."

Binti alifumba macho. Mabega yake yalishuka polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipofumbua macho alimtazama msoma mita kana kwamba ndiyo kwanza anaingia chumbani.

"Na hukupita hata nje ya geti?"

Angeweza kusema hakupita. Mkuu alikuwa akimkazia macho aseme hivyo.

"Nilipita, Desemba, mchana. Madirisha yalikuwa wazi. Nilisikia simu inaita ndani. Nikajiambia nyumba ina mtu, nikaandika sita."

Binti alishika mkoba kwa mikono miwili.

"Iliita muda gani?"

"Sijui ilikatika saa ngapi, dada. Nilifika kona bado inaita."