Mzee Mmoja Alikataa

Marehemu hasemwi vibaya, najua. Lakini baba yangu nitamsema, maana nimemnyamazia miaka mingi na koo limechoka.

Alikuwa mmoja wa wazee wanne wa kanisa letu, katika kijiji cha njiani ukitoka Kasongo kuelekea Kabambare, enzi za Wabelgiji. Mchungaji wetu aliishi Kasongo na alikuwa na makanisa mengi ya kutunza. Alitufikia mara tatu au nne kwa mwaka, juu ya kinga yake, ile baiskeli nyeusi, na mvua ikiharibu njia alikuja ameibeba begani. Asipokuwepo, wazee walihubiri, walizika, walipatanisha watu. Akifika aliketi nao kwenye baraza, na sauti yake ilikuwa moja kati ya tano. Neno halikupita mpaka wote watano wawe na kinywa kimoja.

Mkate wa meza ya Bwana aliuoka mama. Ngano hatukuwa nayo. Alitwanga mchele, akachekecha unga, akauoka ndani ya majani ya mgomba, na hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kuutoa mzima bila kupasuka. Mchungaji aliumega, wazee wakaupitisha kwenye mabenchi. Upande wetu wanawake, aliyepitisha sahani alikuwa baba.

Nikiwa na miaka kama tisa nilishikwa na homa, nikaacha kula, nikaanza kusema ovyo. Baba alikuwa amekwenda kupeleka pamba, ile ya lazima tuliyolimishwa na serikali. Mama akanibeba mgongoni mpaka kwa mwalimu wa Kiislamu wa kijiji cha jirani, ambaye mkewe alikuwa rafiki yake wa kisimani. Yule mwalimu aliandika maneno ya kitabu chake kwenye sahani kwa wino wa zafarani, akayaosha kwa maji, nikanywa. Ndiyo dawa wanayoiita kombe. Nikapona. Kama nilipona kwa kombe au kwa Mungu kuchoka na kilio cha mama, mimi sijui, na sitaki kuulizwa.

Mama hakuweza kukaa na siri. Mchungaji alipokuja, mama alisimama mwenyewe mbele ya baraza akasema yote. Wakamtenga na meza, akahamia benchi la nyuma pamoja na wapika pombe.

Lakini mkate aliendelea kuuoka yeye! Hakuna mzee aliyefikiria jambo hilo, na mama hakuwakumbusha. Baba alipita na sahani benchi kwa benchi, akifika la nyuma anageuka. Tukirudi nyumbani mama anamwuliza, "Baba wa watoto, chumvi ilitosha?" Maana hakuuonja. Baba anajibu, "Ilitosha." Kisha tunakula bugali wetu kama kawaida.

Safari iliyofuata, mchungaji alileta habari ya mama kwenye baraza. Walikaa ndani ya kanisa, na ukuta wa matete hauzuii maneno, tulisikia yote. Waliuliza kama ametubu. Mama akasema, "Ninatubu kwenda kwa kujificha. Ila mutoto iko muzima. Hapo siwezi kulia."

Mchungaji alisema hayo yanamtosha. Wazee watatu wakakubali. Baba akakataa.

"Huyu ni bibi yangu," alisema. "Nikimfungulia, watu watasema wazee wanawafungulia wa nyumbani kwao."

Wakamwomba basi atoke nje, waamue bila yeye. Akakataa na hilo pia, eti baraza pungufu si baraza. Kikulacho ki nguoni mwako. Ikaenda hivyo safari ile, na iliyofuata, na nyingine baada yake, miaka miwili mizima.

Siku moja mchungaji akiwa anaondoka nilimfuata hadi mtoni, nikamkuta anajaza upepo kwenye gurudumu. Nilikuwa na ulimi, hata sasa ninao.

"Baba Mchungaji, wewe iko mukubwa yao. Waamuru."

"Mimi si mukubwa yao, mwanangu. Tunachunga pamoja. Nikimpita baba yako leo, kesho nitampita kila mutu."

"Basi umpite yeye tu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ninaongea naye kila nikija. Nitaongea naye tena. Subira huvuta heri."

Subira ya nani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yeye mkate ule alikuwa anaula. Nilirudi nyumbani nikipiga mawe kwa vidole vya miguu.

Siku zile kila mtu alitupa amri: mzungu wa serikali, chifu, msimamizi wa pamba na fimbo yake. Mahali pekee ambapo hakuna aliyeamuru palikuwa kwenye lile baraza, na ndipo hapo nilipotamani amri. Leo namheshimu mchungaji kwa hilo. Wakati ule nilimchukia.

Kabla ya mavuno ya mpunga baba aliugua tumbo siku nne, akafa. Wazee wenzake walimzika. Mchungaji alifika baadaye, akalia nasi, kisha baraza likakaa, watu wanne sasa. Halikuchukua hata muda wa sufuria kuchemka. Mama amerudishwa.

Jumapili ile alioka mkate, akavaa kitambaa cheupe, akaketi mbele. Mzee mwingine akamletea sahani. Mama alichukua kipande, akakishika mkononi mpaka yule mzee akakohoa. Ndipo akala.

Mimi nilikuwa na furaha ya kupasuka. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mama, sasa umerudi."

"Nimerudi," alisema, akifungua kitambaa chake. Akakikunja, akakikunja tena. "Baba yako alikuwa akifika benchi la mwisho anasimama kidogo kabla ya kugeuka. Nyinyi hamkuona. Kila mara alisimama, na mimi nilikuwa nafikiri, labda leo."

Nikamwuliza kama hakumkasirikia.

"Nilimkasirikia sana. Lakini ningekaa kule nyuma mpaka nife, mradi awe ni yeye anayenipita."