Mahindi Yangu na Damu ya Mdogo Wangu

Miaka ya tisini ilipoanza, nilirudi Kisumu na diploma ya maabara kutoka ng'ambo. Sikusomeshwa na michango ya harambee wala na mjomba. Nilijilipia kwa kuosha sufuria za hoteli katika nchi ya baridi, na niliporudi hakukuwa na mtu wa ufuo wetu aliyeweza kuisoma damu kama mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, huko Port Victoria. Nilimkuta amekonda, anakohoa, ingawa alimaliza ugali wote aliopakuliwa. Chakula kiliingia, mwili ukapungua. Kilikuwa kinaenda wapi? Swali hilo halikuniacha.

Mama alikuwa na jibu. Kwetu mwana mkubwa hupanda kwanza, ndipo wadogo wapande. Mimi nikiwa ng'ambo, mdogo wangu hakuningoja. Basi kukonda kwake kukaitwa chira, adhabu ya kuvunja mwiko, isiyoondoka hadi mkubwa arudi apande, naye akawa anakunywa dawa za mizizi tu.

Nilimshawishi aje mjini tumpime. Alikuwa na kifua kikuu, na nyuma yake kile kirusi cha ukimwi kilichokuwa kikimaliza watu pwani yote ya ziwa. Kirusi hatukuwa na dawa yake. Kifua kikuu kilikuwa nayo, lakini alikataa kuimeza. Alisema dawa ya hospitali haiondoi chira, na bila kuiondoa atakuwa anajisumbua bure.

Nikamwekea damu yake chini ya hadubini. Nikamwonyesha seli nyeupe, askari wa mwili, nikamweleza kwa kitu alichokijua: karabai, taa ya pampu ya kuvutia omena usiku. Ikiziba, inakunywa mafuta, inatoa moshi, mwanga hakuna. Nilihisi kirusi kinawafanyia askari vivyo hivyo.

Aliinua uso kutoka kwenye hadubini. "Omera," aliniita, kama tunavyoitana ndugu kwetu, "sasa nani anapiga pampu?"

"Kirusi."

"Na kinapata nini?"

Jibu nililisoma miaka mingi baadaye: kirusi huiamsha seli ichome sukari kwa pupa, kisha hutumia nguvu na malighafi zake kujijenga chenyewe, hadi askari anachoka na kuishiwa. Nilifurahi kwamba karabai yangu haikuwa mbali na ukweli. Lakini swali zuri lilikuwa lake.

Siku ile nilimfuata hadi nyumbani kwa Mama nikibishana naye. Mama alinisikiliza, kisha akauliza, "Hiyo diploma imepanda shamba gani?"

Nikamgeukia mdogo wangu. "Nikipanda, utameza dawa?"

"Panda kwanza."

Mvua ilikuwa imeanza. Nilichukua jembe nikiwa na viatu vyangu vya ngozi vya ng'ambo, majirani wakicheka kwenye ua, nikapanda mistari ya mahindi iliyopinda vibaya. Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye foleni ya hospitali kabla yangu.

Kikohozi kilikwisha, akarudi ziwani. Mama alisema ni mahindi. Mimi nilisema ni vidonge, na bado nasema.

Msimu uliofuata alituma ujumbe mjini: mvua imeshuka, mbegu zangu ziko tayari, nakungoja wewe.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda.