Tairi Linalolika Upande Mmoja

Mimi darasa la saba sikumaliza, na gereji yangu ya Mabatini nimeijenga kwa mikono hii hii. Pikipiki ikipita tu, nakutajia ugonjwa wake kabla mwenyewe hajaushtukia. Lakini ugonjwa wa binti yangu ulinizungusha mwaka mzima.

Alikuwa mkimbiaji wa mita mia. Wiki hii anawaacha wenzake kama wamesimamishwa na trafiki. Wiki ijayo anakwama katikati, kashika paja kwa nyuma. Kila mara la kulia. Daktari alionya: msuli ukichanika tena, mbio ndiyo basi. Na mashindano ya kuchagua timu ya mkoa yalikuwa Jumamosi.

"Ni mkono wa mtu," mama yangu alisema. "Unamtangaza mno huyu mtoto."

Asubuhi moja nikaona raba zake mlangoni. Ya kulia imelika kisigino, upande wa nje. Tairi likilika upande mmoja, fundi hakimbilii kununua jipya, anatazama fremu. Nikaifuata bodaboda iliyompeleka mazoezini kutoka kwetu Buhongwa hadi uwanjani Nyegezi. Alikaa upande, miguu yote kushoto, kiuno kimesokotwa kama nguo inayokamuliwa, njia nzima. Akaruka chini, akaanza kukimbia. Ndipo nikakumbuka: siku zote alizoshinda, nilikuwa nimempeleka kwa gari.

"Shikamoo, mama. Mchawi nimempata. Ni ule ukaaji uliomfundisha."

"Marahaba. Sasa unataka apanue miguu barabarani? Nani atamuoa?"

"Atakayemkimbiza akampata."

Akacheka kidogo, kisha akasema, "Umechelewa." Sikuipenda ile sauti.

Jumamosi nikampeleka kwa gari. Ziwa limenyamaza, wingu jeusi limelala juu yake kama kifuniko cha sufuria. Alipoinama kwenye mstari nikakiona kiuno: upande wa kulia bado umepanda. Fremu iliyopinda hainyooki kwa sababu tu umeacha kuipanda.

"Baba, leo paja haliumi kabisa!"

Injini inayogonga kila siku, ikinyamaza ghafla, we izime haraka. Nikaingia uwanjani, nikamshika mkono.

"Mzee wa gereji kaogopa!" watu wakazomea. Mabatini nzima nilikuwa nimeitambia kwamba atashinda.

"Umeniaibisha, baba." Akajichomoa, akageukia gari kwa hasira. Hatua ya kwanza tu, ya kutembea, paja likamkamata. Akaniangukia begani.

Nyuma yetu filimbi ikapigwa. Wenzake wakaondoka.