Mtumbwi Uliovutwa Ukingoni

Asubuhi hii ya mwisho wa masika, ukungu umelalia bwawa lililo juu ya kijiji cha Rangwi, na Efrazia Shemkai hapigi kasia. Amekaa ndani ya kayaki, mtumbwi wake mwembamba wa plastiki, akitazama matete.

"Upepo hakuna," anasema kama anayetega kitendawili. "Sasa nani anatuvuta?"

Kweli, mtumbwi unasogea wenyewe, polepole, kuelekea ukingoni.

Mama huyu wa miaka arobaini na minne hutembeza wageni katika bwawa hili tulivu, ambalo hata katikati maji hayamfiki kifuani. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha binti yake, Yusta.

Lakini mvua zimenyesha na bado bwawa linapungua. Wakulima wa kabichi wanazilaumu kayaki. Jumapili baada ya misa, kikao cha kijiji kitaamua ziondolewe au zibaki.

"Mimi niyamalize maji yote haya? Loo! Nina tumbo gani?" anafoka.

Efrazia aliacha kumwamini mtu. Aliyemshuku zaidi kwamba anaiba maji ni jirani yake Sefania, kwa kuwa vitunguu vyake vilinawiri mno.

"Alinisalimia, 'Onga mshi,' nikapita kama sikusikia," anasema. Kwa Washambaa, kumnyima mtu salamu si jambo dogo.

Wiki iliyopita aliiacha kayaki ivutwe na maji hadi mwisho. Ndani ya matete akakuta ukingo umetobolewa, tundu limezibwa kwa kipande cha mgomba kilichoviringishiwa kitambaa, na maji yakivuja pembeni. Kitambaa kilikuwa kitenge chake cha njano, alichokitafuta mwezi mzima. Mfereji ulishuka moja kwa moja hadi kwenye maharage ya nyumbani kwake.

"Na nilivyokuwa nayasifia maharage yale! Kumbe ni Emanueli, mume wangu." Anacheka, kisha anaacha. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani."

Emanueli alimsihi: "Mama Yusta, tuzibe kimyakimya. Nani atajua?"

Tundu wakaliziba vizuri kwa udongo, ingawa bado linavuja kidogo. Kukaa kimya ndiko Efrazia alikokataa.

"Jumapili nitasimama na kitenge changu mkononi. Nataka kayaki zibaki, lakini si kwa kumwachia mwingine lawama. Emanueli akitaka, asimame nami. Asipotaka, shauri yake."

Sefania anapita ukingoni, jembe begani.

"Onga mshi, kaka!" Efrazia anaita.

Sefania anapita kama hakusikia.

"Ana haki," anasema Efrazia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anashika kasia, anamfuata.