Funguo za Mama Gbemi

Kabla hajagombea udiwani, Mama Gbemi ndiye aliyetushikia funguo. Soko letu la Isale-Ayin si kubwa, lakini lina vibanda vya kutosha kumchanganya mwizi, na kila mwenye kibanda akisafiri, akiugua au akienda kujifungua, ufunguo wake ulikwenda kuning'inia kwenye ubao nyuma ya meza ya Mama Gbemi, kila mmoja na kitambaa chake, na wengi wetu hata tukirudi tuliacha wa akiba palepale. Wangu ulikuwa na kitambaa cha kijani. Wa Hajati Sikira, muuza vitenge, ulikuwa na utepe wa dhahabu, maana mwanamke yule hata ufunguo wake lazima uvae.

Jina la Mama Gbemi mwenyewe ni Dorkasi Abeje. Aliuza chumvi, sabuni na pilipili kavu pale mlangoni pa soko, akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Alizaliwa nyumba ya Waislamu kama mimi, tumechezea vumbi moja. Alipoolewa akafuata kanisa la mumewe, lile dogo la bati kule kilimani, ambako hawavai hereni, hawanywi, wala hawaapi. Mume akafa mapema, akamwachia binti mmoja, Gbemi, na hilo kanisa. Kwetu hilo halikuwa jambo. Nyumba moja kaka yuko msikitini, dada anaimba kwaya, babu yao ana chuma chake cha kuabudu nyuma ya mlango, na Idi ikifika wote wanakula kondoo mmoja. Hatujawahi kumgombania Mungu. Tunagombania paja la kondoo.

Ukimpa ufunguo aliutazama kidogo, akasema, "Mungu ameuona," basi. Hajati Sikira alipokwenda Makka alimwachia duka zima. Aliporudi alikuta kila jora mahali pake, na paka wake kanenepa kama mto wa kulalia.

"Mama Gbemi," akasema, "duka umelilinda, lakini paka umeniharibia. Huyu sasa hakamati panya, anawasalimia tu."

Tulicheka siku ile.

Nyuma ya soko kuna kijito, na juu ya kijito kuna mbao. Mvua kubwa ikinyesha mbao zinakwenda na maji, nasi tunavuka na mizigo kichwani, maji yakitufika magotini. Kila diwani ameahidi daraja. Mwaka ule wanawake wa soko tukasema imetosha, tupeleke mtu wetu. Nani? Hakuna aliyekuna kichwa.

"Anayeshika funguo zetu ashike na daraja letu." Hajati Sikira ndiye aliyesema hivyo, kwa mdomo wake, na mimi nilikuwepo.

Abeje alikataa, akakataa tena, kisha akakubali. Gbemi binti yake alikuwa ameanguka kwenye mbao zile akiwa mjamzito, na mtoto hakupona. Hakulitaja hilo kwenye mkutano hata mmoja. Lakini mimi namjua, ndilo lililomwinua kitini. Alilitaka lile daraja kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Aliyeshindana naye ni Wahabi Akande, mwenye malori ya mchanga. Akande, Ijumaa utamkuta safu ya mbele msikitini. Jumapili ya mavuno utamkuta kanisani akinunua boga moja kwa bei ya mbuzi. Wawindaji wakifanya sikukuu ya chuma, mbwa wa kuchinja anatoka kwake. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka; huyu alishika matatu na hakuna lililomponyoka.

Uchaguzi ulipokaribia, Baale, mkuu wetu wa mtaa, aliwaita wagombea wote wawili mbele ya baraza lake. Alisema tumechoka kudanganywa, safari hii waape mbele ya watu kwamba daraja litajengwa. Tulipiga makofi, na Abeje naye alipiga. Hakujua kwamba atatakiwa kushika kitu na kuapa, au alijua, sijui.

Mezani pakawekwa Kurani na Biblia. Baba Ogunjimi, mkubwa wa wawindaji, akaleta panga lake la kale lililovishwa makuti machanga ya mchikichi. Kwetu chuma hakina mchezo. Dereva akikiapia uongo, gari lake ndilo litakalomla.

Akande alisimama kwanza. Akaweka mkono juu ya Kurani, akasema nitajenga daraja. Akainua Biblia akaibusu, akasema nitajenga daraja. Akachukua panga, akalilamba kutoka kwenye mpini hadi ncha.

"Huyu hana pa kukimbilia tena!" mtu akapiga kelele nyuma. "Wote wamemkamata!"

Watu wakaangua kicheko, wakashangilia. Ikawa zamu ya Abeje. Alisimama, akarekebisha kilemba.

"Nitajenga daraja," akasema, akakaa.

Baale akamtazama. "Mama, bado kuapa."

"Nimeshasema, Baba."

"Kama chuma kinakukera, kiache. Shika Biblia yako."

"Hata Biblia, Baba. Kwetu hatuapi. Nikiapa leo, nitakuwa nimekiri kwamba siku zote ambazo sikuapa nilikuwa nawadanganya."

Watu wakatazamana. Nilidhani watu wanalitafakari lile neno. Kumbe walikuwa wanalinusa.

Mwalimu wa kwaya ya Anglikana alisimama kwa hasira. "Mama Gbemi, mimi ni Mkristo tangu kwa babu yangu, na mahakamani naapa! Wewe ni Mkristo wa wapi? Unatuaibisha."

"Mwenye kukataa chuma ana kitu kwapani," akasema kijana mmoja wa bodaboda.

"Njoo unikague kwapa, mwanangu. Utakuta jasho la sokoni, mamako analijua."

Walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kwake. Kilikuwa kicheko cha watu wanaofunga mlango.

Kesho yake nilipanda kwake asubuhi, nikamkuta anachambua pilipili.

"Abeje, we mwanamke, kwani ulimi wako una dhahabu? Lamba hilo panga, urudi nyumbani usukutue."

"Na nikishasukutua?"

"Utakuwa diwani mwenye mdomo safi."

Akatabasamu. "Kumbe unataka nimdanganye nani, Mama Lasisi, mwenye chuma au Mungu wangu?"

"Wote wawili wameshazoea. Jana Akande amewadanganya watatu kwa pumzi moja na hakuna aliyepiga chafya."

Hapo alicheka kweli, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye pilipili, nikalazimika kumwagia maji. Akiwa bado anatoa machozi akaniambia, "Wewe ulinipa ufunguo wako miaka yote hii. Uliwahi kuniapisha?"

"Sikuwahi."

"Kwa nini?"

Nikasema kwa sababu kila mtu alijua huwezi kusema uongo, imani yako inakukataza.

"Ni imani hiyohiyo," akasema. "Sina nyingine ya uchaguzi."

Nikamsaidia kuchambua pilipili, nikashuka.

Wiki ile funguo zikaanza kuondoka. Wenyewe hawakuja pamoja, laiti wangekuja pamoja angalau tungepigana. Mmoja alisema kitasa chake kimeharibika. Mwingine alisema mumewe anataka ufunguo ukae nyumbani. Hajati Sikira alimtuma binti wa dukani, naye hakuwa na uongo wa kusema, alisimama tu akikodolea macho utepe wa dhahabu mpaka Abeje akauangua mwenyewe na kumpa.

"Mpelekee. Mwambie paka anasalimiwa."

Nilimfuata Hajati dukani kwake. "Wewe! Makka ulikokwenda, nani alikulindia duka?"

"Mama Lasisi, usinipandishie presha. Mimi simwiti mwizi. Nasema tu, mtu safi anaogopa nini kuapa?"

"Anamwogopa Mungu. Ndiyo maana ulimpa ufunguo!"

"Zamani sikujua anaogopa kiasi hicho," akasema, akageukia mteja. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale natamani kurudi nikavute jora moja chini.

Akande alishinda. Hata wanawake wa soko walimpa kura, najua kwa kuwa siku ile walinisalimia kwa adabu kupita kiasi.

Daraja? Misimu ya mvua imepita na mbao ni zilezile. Tulipokwenda kumkumbusha, Akande alitukaribisha soda baridi, akasema, "Mama zangu, niliapa nitajenga. Sikuapa lini." Tukamwendea Baba Ogunjimi, tukamwuliza chuma chake kimelala? Akasema chuma hakina haraka. Nikamwambia basi kiazime mguu. Akande mzima wa afya, malori yake hayajapata hata pancha.

Kisha wezi wakavunja duka la Hajati Sikira alipokwenda harusini Ibadan. Wiki iliyofuata akaja mezani kwa Abeje na ufunguo mpya na utepe mpya. Mimi nilikuwa pale nanunua chumvi.

"Mama Gbemi, dada yangu," akasema, "yaliyopita si ndwele. Nishikie."

Abeje hakunyoosha mkono. Ameshazeeka sasa, lakini sauti ni ileile.

"Mpelekee aliyeapa," akasema.

Hajati akaondoka na utepe wake. Mimi nikafurahi, nikasema vizuri sana, umempa jibu lake. Abeje hakufurahi. Alikaa akiutazama ule ubao wenye misumari mitupu na kitambaa changu cha kijani peke yake. Halafu akauangua ufunguo wangu, akauweka juu ya chumvi niliyonunua.

"Chukua na wako, Mama Lasisi."

"Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimemjibu Hajati neno ambalo zamani nisingelisema. Mtu mwenye neno kama lile ndani yake asishike funguo za watu."

Nilibishana naye. Nilimwita mjinga, nikamwita kichwa jiwe, nikamwambia mimi siondoki na ufunguo huu. Aliwapimia wateja wengine chumvi huku nikisema, mpaka nikamaliza.

Ufunguo nimeuvaa shingoni, ndani ya blauzi. Juzi mjukuu wangu kule Ilorin amepewa jina, nikaenda, nikarudi jua likiwa bado juu, sikula wali wao. Wakasema bibi ana haraka gani. Sikuwaambia kwamba njia nzima nilikuwa nikishika kifua, nikifikiria kitasa.