Ukurasa Mmoja Tuliousoma

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, mwanangu. Siku hiyo nilitia sahihi ya kuondoa shuleni kitabu ambacho sikuwa nimekisoma.

Nilikuwa mwalimu kijana katika mtaa wa Muhima, mgeni hapa Kigali, maana nilizaliwa na kusomea Bujumbura. Mgeni hapendi kubishana. Mkuu wa shule alituita ofisini walimu sita, akafungua riwaya ya vijana mahali palipokunjwa, akasoma ukurasa ambamo jirani, mtu mzima, anamfungia msichana wa shule ndani ya nyumba yake. Kisha akatutazama.

"Haya ndiyo tunawafundisha watoto?"

Hakuna aliyeuliza kurasa nyingine zinasema nini. Karatasi ikazunguka, nikawa wa nne kutia sahihi, halafu nikaenda kunywa chai. Nilijiona nimewalinda watoto.

Wiki hiyohiyo Claudine, msichana wa darasa langu, alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, kile kitabu iko wapi?"

"Kimeondolewa. Si cha umri wako."

"Nilifika katikati. Nataka tu kujua yule msichana alimwambia nani."

"Soma hesabu, Claudine. Mtihani hautakuuliza hayo."

Alicheka kidogo, kwa adabu, akaondoka. Mimi ninayejisifu kuona kila kitu, siku hiyo sikuona kitu.

Muhula uliofuata hakurudi. Mama yake, aliyeuza nyanya katika mtaa wao wa Gitega, hapahapa Kigali, alikuja kutuambia kwamba binti ni mjamzito, na aliyempa mimba ni jirani yao, mtu mzima, aliyekuwa akimsumbua tangu mwanzo wa mwaka. Nikaanza kumpa pole. Akanikatiza.

"Mwalimu, mulifanya kikao juu ya kitabu. Juu ya mtoto wangu mutafanya lini?"

Nilikwenda kwenye kabati la mkuu, nikakichukua kitabu bila ruhusa, nikakisoma chote. Yule msichana wa kwenye kitabu alimwambia mwalimu wake.

Sasa nisikilize. Jana umenionyesha kwenye simu picha ya ukurasa mmoja wa kitabu ambayo wazazi wenzako wa mtaa wa Kagugu wanatumiana, na orodha ya wanaotaka kitabu hicho kipigwe marufuku shuleni. Umeniuliza kama uandike jina lako. Usiandike. Watasema wewe ni mzazi asiyejali. Waache waseme. Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mtakapokaa kwenye kikao, waulize mmoja mmoja nani amekisoma hadi mwisho, kisha unyamaze uwasubiri. Na wanaodai kwamba vitabu vinawaharibu watoto, wakueleze yule jirani wa Gitega aliharibiwa na kitabu gani.

Sisemi kila kitabu apewe kila mtoto. Kikiwa kizito kwa wadogo, wapewe wakubwa. Kikikutisha, kisome pamoja na binti yako, mzungumze hata kama aibu itawashika wote wawili. Lakini usikubali kumwondolea mtoto maneno ya kueleza jambo ambalo huenda tayari limempata. Mimi nililikubali hilo kwa sahihi moja, na sijawahi kupata njia ya kuifuta.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya watu, na nyumba yako iwe mahali ambapo mtoto anauliza lolote asifukuzwe.