Joto la Mama

Harufu ya klorini siivumilii hadi leo. Mhudumu akianza kupiga deki kwenye zahanati ninayojifunzia uuguzi hapa Mwanza, mimi hutoka nje kidogo na kusingizia simu. Wenzangu wanaamini nina mchumba wa siri. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa Guangzhou, pale Xiaobei, ghorofa ya tano, katika chumba chenye dirisha lililotazama vibanda vya simu vya mtaa wa Dengfeng. Mama alinunua nguo za jumla na kumtumia baba, naye akaziuza Mwanza. Mimi nilisoma shule ya Kichina, kwa hiyo nilikuwa mdomo wa mama kila mahali, sokoni hata kwa mwenye nyumba.

Mwaka wa korona tulirudi kutoka likizo nyumbani Mwanza, na siku chache baadaye mipaka ikafungwa. Tukaambiwa tusitoke chumbani kwa siku kumi na nne. Kila asubuhi alikuja mama mmoja wa ofisi ya mtaa, amevaa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi nyayoni, na bomba la dawa mgongoni. Nilimwita Ayi, kama watoto wa kule wanavyowaita mama wadogo. Alinyunyiza klorini kizingitini, akatuachia mboga, kisha akauliza joto letu kupitia mlango. Alikuwa ametuletea kipimajoto cha kioo na karatasi yenye mistari. Kupima na kuandika ilikuwa kazi yangu, na niliipenda. Nilipanga tarakimu vizuri kwa wino wa bluu, nikajiona daktari kamili.

Siku ya tano mama aliamka anatetemeka. Kipimajoto kilionyesha thelathini na tisa. Juzi yake, kupitia dirishani, tulikuwa tumemwona jirani yetu Mkongo akipandishwa gari la wagonjwa, na binti yake mdogo akiachwa barazani na watu asiowajua. Mama aliitazama kalamu mkononi mwangu.

"Andika thelathini na sita na nusu," akasema.

Nikamwambia sivyo kilivyosoma.

"Ni uchovu wa safari, mwanangu. Andika."

Niliandika. Kesho yake pia, na keshokutwa. Shuka lake lilikuwa la moto kama limetoka kupigwa pasi, halafu baada ya muda likalowa jasho chapachapa. Uji hakuugusa. Alianza kumwita dada yake aliyefariki zamani, akimwomba amfungie mlango. Ayi aliuliza mbona sauti ya mama haisikiki siku hizi. Nikamjibu kwa Kichina kilichonyooka kwamba amelala, hatuna tatizo lolote. Alinisifu jinsi ninavyotamka. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Siku ya nane nilimwita mama, hakuitika. Nikafungua mlango na kupiga kelele. Ayi alikuwa bado kwenye ngazi. Alirudi mbio, akaingia bila kusita, akapiga magoti kando ya godoro na kumgusa mama shingoni, kisha akaita gari. Wahudumu walipomteremsha mama, Ayi alibaki nami, kanishika mkono kwa glavu zake hadi jirani mmoja wa Mombasa akakubaliwa kunichukua.

Mama alifariki siku mbili baadaye. Haikuwa korona. Ilikuwa malaria, imeshapanda kichwani. Baba alitazama mazishi kwenye simu.

Kwa miaka mingi niliamini mama aliwaogopa Wachina. Sasa ninapowapa wagonjwa dawa ya malaria, nao wakaondoka kwa miguu yao, ninajua alichoogopa ni kuniacha peke yangu katika nchi ya watu, kama yule binti wa jirani. Lakini kuna jambo ambalo baba bado hajalisikia kutoka kwangu. Katika jiji lile zima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kila asubuhi kuuliza hali ya mama, na mimi nilimjibu kwamba ni mzima.